Mkanda Unaozunguka Mchi

Jumapili, 3 Agosti 1975

Kwa heshima na taadhima natangaza: leo asubuhi mchi wa mke wangu, baada ya utumishi mrefu usio na doa ndani ya kinu, umepandishwa cheo. Kuanzia sasa ni sehemu ya mtambo. Hafla ilikuwa fupi. Mwantumu hakuhudhuria, alikuwa kisimani. Aliporudi alihudhuria kwa sauti.

Nimemweleza kwa utulivu. Ukikata kipande kirefu cha mkanda wa tepu rekoda, ukakiunganisha kichwa na mkia, unapata duara. Duara hilo lipite kwenye mashine, kisha lizunguke kitu kilichosimama wima, laini, kisicho na kona. Hapo muziki haukomi. Mchi uliosimikwa kwenye kinu ndicho kitu chenyewe. Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mahindi atayatwanga kwa nini, kwa kisigino? Swali zuri. 

Mashine hii niliipata Ngombezi, nilipokuwa msaidizi wa fundi umeme wa kiwanda cha mkonge. Meneja wetu Mgiriki alipofungasha virago kurudi kwao, aliiacha mezani akaniambia niitunze. Naitunza. Kazi zangu hadi leo: Rumba ya Mvua Juu ya Bati. Taarabu ya Spoku za Baiskeli. Twisti ya Jogoo wa Jirani, ambayo jirani aliisikia akaja kudai jogoo wake. Na Miluzi, ambapo nilisogeza kiganja karibu na eriali ya redio, kati ya stesheni mbili, redio ikalia kama mtoto anayeota meno. Juu. Chini. Juu tena. Mkanda mzima. Mwantumu alisema mvua juu ya bati anaisikia bure, na mtoto wa meno tulikuwa naye, anaitwa Kibwana, sasa ana ndevu.

Kuanzia Mkata hadi Korogwe hakuna mtu mwingine anayechanganya vitu hivi. Ningeandika hadi Dar es Salaam, lakini naogopa kujisifu.

Jumanne, 5 Agosti

Habari mbaya. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadala, amekuja nyumbani. Hakukaa. Alisimama akaitazama mashine kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari.

"Mwinjuma," alisema, "kitu cha mtu mmoja kinachosikiwa na watu wote ni cha watu wote."

Nimetafuta tundu katika hoja hii mpaka jua limezama. Haina tundu. Anataka mashine ihamie ofisi ya kijiji.

Sababu ya kweli nimeipata kwa Mwantumu, aliyeipata kisimani kwa Bi Tatu, mke wa Sadala mwenyewe. Mzee amechoka kuamka alfajiri na kupayuka kwenye kipaza sauti kuwaita watu shamba la ujamaa. Anataka kunasa sauti yake mara moja tu. Halafu mashine iite, yeye alale. Kwa watu wote hii ni siasa ya kujitegemea. Kwa Sadala ni blanketi.

Nimembembeleza. Tumefikia makubaliano. Jumamosi ya tarehe 16 linafunguliwa ghala jipya la mahindi. Mgeni rasmi anatoka Handeni. Muziki wangu ukimpendeza mgeni, mashine inabaki kwangu. Ukimchukiza, inakwenda ofisini siku hiyohiyo. Tumepeana mkono.

Sipo peke yangu kwenye ratiba, bahati mbaya. Bonaventura atakuwapo na kodiani yake na kwaya yake. Bonaventura ni mwalimu wa kwaya, mzaliwa wa kambi za vibarua wa mkonge Ngombezi, ana shingo ndefu na kila mara amevaa kola safi. Ameshasema dukani, mbele za watu, kwamba mashine yangu inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ili nisionekane ni mimi.

Lakini Bonaventura ana udhaifu. Nyimbo zake zina mwisho! Siku ya kufungua shule, kwaya ilimaliza wimbo kabla mgeni hajashuka kwenye Landrova. Wakaurudia. Wakaumaliza tena. Mgeni akatembea kimyakimya, viatu vyake vikisikika kama mtu anayekula karanga. Sasa ghala. Mgeni atalizunguka, ataingia, atauliza habari za panya. Nani anajua atachukua muda gani? Wangu hautaisha mpaka yeye achoke.

Ndiyo maana mchi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda Ngombezi kunasa korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Ina mapigo kuliko ngoma yoyote. Mizigo kwenye basi: mimi, mashine, betri za tochi ndani ya kofia. Konda aliuliza kama hiyo ni cherehani. Nikasema ndiyo, kufupisha mambo. Mama aliyekaa nyuma akanipa sketi iliyochanika na kuniambia atashuka Korogwe, kwa hiyo nisichelewe.

Rafiki yangu Eliasi bado yupo kiwandani. Aliniruhusu kusimama karibu. Nikasimama karibu zaidi ya alivyoruhusu. Korona ikala jani, ikanitemea maji yake ya kijani kuanzia paji la uso mpaka magotini. Eliasi alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko chake kipo kwenye mkanda. Nitakiacha, kimeingia vizuri kwenye mapigo.

Maji ya mkonge yanawasha. Nimerudi nikijikuna kama mbwa. Mwantumu alininusa mlangoni, akanitandikia mkeka nje.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwendea Bonaventura kwa adabu. Nikamwomba anikopeshe sauti za kwaya yake, kidogo tu, za kuchanganya. Akajibu kwamba sauti za kumsifu Mungu hazisagwi pamoja na mkonge. Nikamwambia namheshimu kwa msimamo wake. Nikaenda kujificha kwenye mihogo chini ya dirisha la kanisa.

Mazoezi ya leo yalikuwa hivi: kwaya inaimba nusu ya mstari. Bonaventura anawakatiza. Nusu ya mstari. Anawakatiza. Nimesikiliza mkanda wote nyumbani, hakuna mstari hata mmoja uliokamilika. Kuna sauti moja tu iliyo wazi, ya Bonaventura mwenyewe, akisema: "Sauti ya pili, mnaimba kama mnasonga ugali!"

Nilisikitika. Kisha nikairudia. Kisha tena. Ina mapigo! Inakaa juu ya korona kama kifuniko juu ya sufuria. Nimeikata kwa wembe, nimeiunga kwa plasta ya zahanati.

Nilipokuwa nikitoka kwenye mihogo na nyaya shingoni, nilikutana uso kwa uso na Bernadina, wa sauti ya pili. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akapita zake. Hatasema. Sauti ya pili wana machungu yao.

Jumanne, 12 Agosti

Imebaki ngoma. Nimekwenda kwa Mbaruku, anayepiga ngoma za pepo. Kila mtu huku anajua: kila pepo ana ngoma yake, kama kila mtu alivyo na jina lake, na Mbaruku anazijua zote. Leo mchana alikuwa na kazi kitongoji cha bondeni, kuna mama anauguzwa. Alinikubalia ninase, kwa sharti moja tu, nikae mpaka ngoma imalizike. Nikasema bila shaka.

Ngoma ilipochemka, jamani, nywele zilinisimama. Nikanasa hapo hapo penye moto. Halafu betri zikaanza kulegea, na nyumbani kulikuwa na mbaazi za nazi. Nikaondoka kwa kunyata. Mwisho wa ngoma ni kama mwisho wa hotuba. Ni shukrani tu.

Jumatano, 13 Agosti

Siri ya fani yangu, ambayo Bonaventura angetoa kodiani yake kuijua: ndani ya mashine kuna kichwa kinachofuta sauti ya zamani kabla ya kuandika mpya. Ukikiziba kwa kipande cha boksi la kiberiti, hakifuti. Sauti mpya inakaa juu ya ya zamani. Leo nimepandisha miluzi ya redio juu ya korona, Bonaventura juu ya miluzi, ngoma juu ya wote.

Duara limezunguka mchi kwa mara ya kwanza. Sijui nilielezeje. Kiwanda kinacheza. Redio inalia na inacheka. Mtu anakaripia ugali kutoka mbinguni. Na chini kabisa ile ngoma, inaita, inaita.

Mwantumu alikuwa mlangoni na ungo. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga chini. Niliuona. Amesema ni siafu.

Jumamosi, 16 Agosti

Sherehe imefana. Mgeni rasmi alikata utepe. Utunzi wangu ulipigwa kupitia kipaza sauti cha kijiji, kwa betri ya lori, ukasikika hadi barabarani. Ulipokelewa kwa hisia kubwa. Watu wengine walisimama, wengine walianguka. Uongozi wa kijiji ulikaa chini kusikiliza. Mwalimu Bonaventura alishiriki kwa moyo wake wote. Mgeni alibaki hadi mwisho. Namshukuru Mungu.

Nimechoka. Nalala.

Jumapili, 17 Agosti

Jana niliandika kama mtu anayeogopa shajara yake itasomwa mahakamani. Hakuna uongo ndani yake, lakini haya ndiyo yaliyotokea.

Kwaya ilitangulia. Waliimba vizuri, lazima niseme. Walimaliza mgeni akiwa bado anapeana mikono. Ukimya. Viatu vikaanza kula karanga. Nikamtazama Sadala, Sadala akaitikia kwa kichwa, nikawasha.

Mzunguko wa kwanza, watu walitafuta kiwanda kilipo. Wa pili, wakanitazama mimi na mchi. Ilipofika sauti ya Bonaventura kupitia bomba lile kubwa la kipaza sauti, ikisema sauti ya pili wanaimba kama wanasonga ugali, mbele ya mgeni, mbele ya padri, mbele ya dunia, Bonaventura aligeuka rangi. Sauti ya pili wakaangalia chini, mabega yanatikisika. Mzunguko wa tatu, watoto waliingojea wakaisema pamoja nayo. Wa nne, watu wazima pia. Mgeni alikuwa anatabasamu. Nakwambia, alikuwa anatabasamu! Mashine ilikuwa yangu.

Sasa Bi Tatu. Alikuwa amembebea mgeni sinia la soda. Bega lake la kushoto likaruka. Akasimama. Bega likaruka tena. Kwa utulivu kabisa akaliweka sinia mikononi mwa mgeni rasmi, kama unavyoweka kitu mezani, akafungua kilemba, akaingia katikati ya uwanja akacheza. Kina mama wakajua kabla yetu. Mmoja akasema taratibu kwamba mwenyewe amekuja.

Katika ngoma zote za Mbaruku, nilikuwa nimenasa ya pepo wa Bi Tatu.

Sadala alimwendea mkewe kumshika mkono. Bi Tatu, mwanamke ambaye kwa miaka yote amemjibu mumewe kwa "abee", alimtazama kwa macho ya mtu mwingine.

"Sadala," alisema. "Keti."

Mwenyekiti akaketi. Chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumamosi.

"Nimeitwa, nimefika. Mbona sina kiti? Naitwa, naitwa, kama mtoto. Nani ananiita hivi?"

Uwanja mzima ukanielekea. Nikafanya jambo ambalo lingefanywa na mtu yeyote mwenye akili. Nikazima. Bi Tatu akaganda, mkono mmoja juu, mguu mmoja umenyanyuka. "Nani amenikata?" akauliza, na sauti ile sikuipenda. Nikawasha. Akacheza. Nikajaribu tena kuzima, polepole. Vilevile. Ndipo nikaelewa mbaazi zangu za Jumanne zilikuwa zimenigharimu nini. Ngoma ya pepo humwita, humkaribisha, halafu mwishoni humuaga aende kwake. Mimi nilikata pale penye moto. Nilikuwa na sehemu ya kuita tu. Nilikuwa na kuita kusikokwisha, kwa kipaza sauti, kwa betri ya lori.

Mbaruku yuko wapi? Amekwenda Mashewa msibani.

Betri ikaanza kuisha. Mashine ikalegea, korona ikakoroma kama ng'ombe mgonjwa, Bonaventura wa kwenye bomba akawa na sauti ya jitu la pangoni, "mnaa-sooo-ngaa", na Bi Tatu naye akapunguza mwendo, akacheza kama mtu aliye majini. Kina mama wakaanza kulia. Mgeni bado ameshika sinia. Hakuna aliyempokea, na yeye mwenyewe nadhani aliogopa kuliweka chini.

Hapo mtu akanisukuma begani. Bonaventura, kola wazi.

"Zima takataka yako, Mwinjuma," alisema. "Na Mungu ananiona."

Akachukua debe tupu la mafuta, akaligeuza, akalishika kati ya magoti, akapiga. Sikuamini. Kambi za Ngombezi kila Jumapili kulikuwa na ngoma za kila kabila, na kijana wa shingo ndefu alikuwa akizisikia zote, hata zile alizokatazwa. Aliipiga ngoma ile kuanzia pale nilipoikata. Akaipeleka mbele, akaitelemsha, akaanza kuiaga. Kina mama wakapokea kwa makofi. Sauti ya pili wakaingia pia. Waliimba bila kukatizwa, na hawakusonga ugali hata kidogo.

Kabla ya kuondoka, pepo alitoa hukumu. Anataka kiti chenye mgongo. Anataka kanga mpya, doti mbili. Akaielekezea mashine yangu kidole. Hilo sanduku lisiende ofisini. Lisirudi kwa huyu pia, hajui kumaliza. Litakaa nyumbani kwa Tatu, lifunikwe kitambaa chekundu, na huyu atakuja kila Ijumaa kulichezesha. Sadala, kutoka chini, alisema amesikia.

Debe likanyamaza. Bi Tatu akakaa, akaomba maji, akauliza kwa nini mgeni amebeba sinia.

Mgeni akafuta jasho, akasema hajawahi kuona burudani ya namna hii, akamuuliza Sadala nani mtunzi. Nilinyoosha shati. Sadala akajipangusa vumbi, akamjibu, "Ni kazi ya kijiji, ndugu."

Basi. Nilishinda, mgeni alipendezwa, Sadala hana ubishi juu ya hilo. Na sina mashine. Yeye naye hana, ataamka alfajiri na kupayuka mpaka uzeeni. Leo asubuhi nimemsikia, alikuwa na mafua. Bonaventura amekwenda kuzungumza na padri na bado hajarudi. Mwantumu anasema Bi Tatu amekuwa akiomba kiti cha mgongo tangu mtoto wake wa kwanza, na kanga tangu wa pili. Nimemuuliza anamaanisha nini. Amesema hamaanishi kitu, anatwanga.

Niliilia mashine yangu kidogo, nyuma ya nyumba. Hilo nalo ni kweli.

Jioni Mbaruku amerejea kutoka Mashewa, amepita kunigombeza. Nimekubali kila kitu, nimeomba radhi. Amesema nishukuru Mungu alikuwa huyu, kwa sababu Bi Tatu ana wawili, na wa pili ni mzito, ngoma yake ni ya taratibu, na hawa wawili hawapatani kabisa.

Taratibu. Nimefikiri. Korona ni ya haraka. Kitu cha taratibu chini yake ndicho kilichokuwa kinakosekana, nilikisikia tangu Jumatano nisijue ni nini. Na Ijumaa nitakuwa na mashine mbele yangu, nyumbani kwa Mwenyekiti, penye betri nzima. Nikamuuliza Mbaruku, kwa heshima, kwa ajili ya elimu tu: na zikipigwa zote mbili kwa pamoja?

 Mbaruku akachukua baiskeli yake akaondoka, hakusema neno.

Mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali.